Siku moja na bendi ya kantri, Fort Worth hadi Amarillo

Saa mbili asubuhi, Fort Worth. Mimi ndiye dereva, fundi wa sauti, muuza fulana na, tairi likipasuka, fundi wa tairi. Bendi yenyewe ni marafiki watano waliokulia mtaa mmoja, wakaanza kupiga kelele kwenye gereji ya wazazi wa mpiga dramu wakiwa bado shule ya msingi. Mimi nimekulia Nakuru, ambako redio ya Jumapili haikuwa Jumapili bila mwimbaji wa kantri Jim Reeves. Niliwaambia mama yangu anazijua nyimbo zake kuliko wao, wenye kaburi lake hapa hapa Texas. Wakadhani nawatania.

Kupakia trela kunataka akili. Vizito vyote, yaani amplifaya, spika na sanduku la gitaa la pedali, lile linalopigwa likiwa limelazwa juu ya miguu yake,, hukaa mbele ya ekseli. Ukirundika uzito nyuma, upepo wa kaskazini utakuyumbishia trela mpaka ujute. Kisha barabara ya 287, zaidi ya kilomita 500, Wichita Falls, Childress, na wasanii wamelala midomo wazi.

Njiani mama akapiga simu.

"Baba, bado unabeba spika za watu?"

"Bado, mama."

"Na kile chuo?"

Mtandao ukakatika wenyewe, asante Mungu.

Saa kumi tukashusha mzigo. Klabu ina fundi wake wa sauti, kijana mpole aliyenionyesha mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, na swichi kubwa, halafu akatoka nje kuvuta sigara. Siku ikaanza kurefuka hapo. Gitaa la Telecaster lilikuwa linavuma. Nikabadilisha kebo, likavuma. Nikabadilisha amplifaya, nikahamisha soketi, likavuma tu. Mpiga gitaa akageuka kuchukua maji na mvumo ukashuka, aliporudi ukapanda. Wanaozijua gitaa za koili moja, ambazo koili yake ya kunasa mlio wa nyuzi hunasa na kelele za umeme, washajua: humo ukumbini kuna kitu kinachorusha kelele ya umeme. Kilikuwa ni tangazo la bia la taa za neoni, juu kabisa ya jukwaa. Nikamwomba meneja alizime. Halizimwi, akasema, kampuni ya bia ndiyo iliyolileta. Wakati wa shoo tu? Halizimwi. Kwa nyimbo za polepole tu, basi? Akaniuliza mbona bendi ya wiki iliyopita haikulalamika. Nikaulizia: ilikuwa na kibodi na kompyuta, gitaa hakuna. Nikabaki namzungusha mpiga gitaa jukwaani kama antena ya TV ya zamani, "hapo, hapo, rudi kidogo," mpaka tukapata pembe yenye nafuu. Akapiga shoo nzima akiwa amewapa watu bega. Mashabiki waliona ni mbwembwe za uasi.

Huo uasi nao. Ukisema kantri ya waasi, watu huwaza bastola na jela. Alichogombea mwimbaji Waylon Jennings na kampuni yake ya rekodi, RCA, mwaka 1972 kilikuwa mkataba: achague nyimbo mwenyewe, arekodi na bendi yake, asiletewe wapigaji wa studio walioteuliwa na kampuni. Mwenzake Willie Nelson naye akaipa Nashville, makao makuu ya kampuni za kantri, kisogo, akahamia Austin. Mwaka 1976 ikatoka albamu iliyowakusanya pamoja na waimbaji Jessi Colter na Tompall Glaser, na hiyo ndiyo ikawa ya kwanza ya kantri kupata platinamu, yaani kuuza nakala milioni moja. Watu wangu hawana kampuni ya kugombana nayo. Kurekodi wanalipia wenyewe kwa hela za vibarua vya mchana, kwa hiyo ugomvi wetu uko kwenye pesa za mlangoni.

Shoo ilikuwa nzuri. Fulana kubwa zote zilikwisha.

Halafu hesabu. Sijui ilikuwa saa saba au saa nane usiku, miguu ilikuwa imevimba. Makubaliano yalikuwa asilimia ya kiingilio baada ya gharama, na kwenye karatasi ya meneja gharama ya kwanza ilikuwa "fundi wa sauti." Yupi? Mwimbaji alishashika kalamu ili tukalale. Nikamwomba angoje. Nikamwita yule kijana, nikamuuliza mbele ya bosi wake: dramu zilikuwa chaneli ngapi kwenye mikisa? Akacheka, akasema hajui, hakugusa kitu. Meneja akakata nusu ya ile gharama. Nusu nyingine akasema ni ya kijana kuwepo.

Tukagawana ndani ya gari. Mafuta yanatoka kwanza, kisha mafungu sita yaliyo sawa, langu likiwemo. Mpiga dramu na mwimbaji wakaanza kudaiana kuhusu baiskeli iliyovunjwa walipokuwa darasa la nne, na kusema kweli bado sijaelewa nani alikuwa anaiendesha.

Kesho Lubbock, kama kilomita 200 tu. Nimeshawaandikia kuuliza kama juu ya jukwaa kuna tangazo la bia.