Jinsi nilivyoacha kuamka nimelowa ndani ya hema

Ukiamka umelowa ndani ya hema, usikimbilie kusema linavuja. Hema langu la kwanza la mgongoni lilikuwa zima kabisa, mishono imezibwa, na lebo yake ilijisifu kwa namba kubwa ya kuzuia maji. Hata hivyo, usiku wa nyota tele, bila wingu hata moja, matone yalikuwa yananidondokea usoni. Maji yale yalikuwa yangu mwenyewe: pumzi, jasho, na soksi mbichi nilizozitandaza miguuni. Kuanzia hapo nikaacha kuuliza hema linazuia mvua kiasi gani, nikaanza kuuliza mvuke unatokea wapi.

Ile namba ya kwenye lebo hupimwa kwa milimita. Kitambaa hubebeshwa safu ya maji, safu inaongezwa urefu mpaka matone yaanze kupenya. Mahema mengi mepesi yenye sifa nzuri yana paa la milimita 1,200 tu na mvua hayaipitishi. Kuongeza namba hakukunisaidia, kwa sababu kitambaa kinachozuia maji yasiingie huzuia pia mvuke usitoke.

Usiku wa anga safi ndio mbaya zaidi, na wengi hushangaa nikiwaambia. Paa la hema hupoteza joto kuelekea angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Pumzi yako ikiligusa, inageuka maji palepale. Mawingu yakitanda, joto halipotei kwa kasi ile. Matawi ya mti nayo hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo siku hizi napenda kulala ukingoni mwa miti kuliko uwanda mtupu. Natazama juu kwanza, lakini. Tawi kavu likikatika halibishi hodi.

Kando ya mto ni pazuri kwa macho, ila hewa baridi huteremka usiku na kutuama bondeni, ikikutana na unyevu wa maji. Nikipanda kidogo tu kutoka kingoni, asubuhi tofauti naiona kwa kugusa paa kwa kiganja. Nguo mbichi sasa zinalala kibarazani, yaani nje ya chumba lakini chini ya paa, ndani ya mfuko. Kupika pia nimekuondoa ndani, si kwa ajili ya mvuke peke yake: jiko linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na ndani ya hema lililofungwa inaua.

Sasa mahema yenyewe. Ninalolibeba nikiwa na mwenzangu ni Big Agnes Copper Spur ya watu wawili, kama kilo moja na nusu hivi. Ni la tabaka mbili: ndani chandarua, nje paa. Mvuke unapita kwenye chandarua, unagandamana na paa la nje, na matone yakitiririka yanaangukia nje ya chumba. Hulowi, hata kama paa limelowa chapachapa. Juu ya mlango nje kuna zipu mbili. Ya juu naishusha kidogo nipate tundu la hewa, hata mvua ikinyesha. Baridi inaongezeka, kweli, lakini baridi ukiwa mkavu inavumilika. Hema hili husimama kwa nguzo zake, na hilo nalithamini kwenye mwamba, ambako kigingi hakiingii na kamba nazifunga kwenye mawe.

Neno "watu wawili" lichukulie kwa tahadhari. Sakafu ina upana wa sentimita 132 kichwani na 107 miguuni. Godoro la kawaida la kupuliza lina kama 51. Mawili yanakaa, lakini miguuni hapabaki kitu, na mfuko wa kulalia unagusa ukuta. Mkiwa wawili wenye mabega mapana, chukueni la watu watatu mgawane mzigo: mmoja nguzo na vigingi, mwingine vitambaa.

Nikiwa peke yangu nachukua X-Mid, lililobuniwa na Dan Durston wa Kanada. Halina nguzo, linasimama kwa fimbo mbili za kutembelea, ambazo mimi ninazo mkononi siku nzima. Ni la tabaka mbili pia, na bado halifiki kilo moja. Kulisimamisha ni kupiga vigingi vinne vya pembeni kwa mstatili, kuingia chini, kusimika fimbo, basi. Kilichonivutia zaidi ni kitambaa cha paa, ambacho ni poliesta. Naloni hunywa maji na kulegea. Ukishalala huku mvua inanyesha, paa linashuka taratibu mpaka linagusana na chumba cha ndani, na inabidi utoke gizani kukaza kamba. Poliesta hulegea kidogo sana. Wanaopenda naloni watakwambia ni imara zaidi kwa uzito uleule, na hawakosei. Mimi nimechagua usingizi.

Kuna rafiki aliwahi kuniazima Zpacks Duplex, la kitambaa cha Dyneema, nyuzi za plastiki nyepesi na imara sana, zaidi kidogo tu ya nusu kilo. Halinywi maji wala halilegei, na ukilibeba unasahau kwamba umelibeba. Lakini ni la tabaka moja. Kwenye hewa kavu yenye upepo ni raha tupu. Kwenye unyevu nililala nikiwa na kitambaa mkononi, napangusa kila nikigeuka. Nililirudisha bila kinyongo.

La kutamani, ambalo sina kazi nalo, ni mahema ya Hilleberg, kampuni ya Uswidi iliyoanza 1971. Chumba cha ndani kimeshonewa vishikio vya kuning'inia kwenye paa la nje, kwa hiyo vyote viwili husimama pamoja. Ukipiga kambi mvua ikimwagika, ndani kunabaki kukavu. Lile langu la nguzo huanza kwa chumba cha ndani, na katika mvua kubwa nalazimika kutandaza paa juu yake na kufanya kazi kwa kupapasa. Lakini ni mazito, na uzito huo una maana kwa mtu wa theluji na dhoruba.

Upepo nao una mambo yake. Tangu kampuni ya The North Face itoe Oval Intention mwaka 1975, hema lililojengwa kwa mawazo ya kuba za mbunifu Mmarekani Buckminster Fuller, inajulikana kwamba nguzo zikikatana mara nyingi hema halipepesuki. Mahema mepesi hayana nguzo nyingi hivyo, kwa hiyo kazi inabaki kwa kamba. Nazifunga zote kabla ya jua kuzama, hata kama hakuna dalili ya upepo. Upande mwembamba nauelekeza upepo unakotoka, na kigingi nakipiga kwa mwinamo, kichwa kikiwa mbali na hema. Kwenye mchanga nafunga kamba katikati ya kigingi, nakilaza, nakifukia na kukanyagia.

Turubai la kutandika chini lazima liwe dogo kuliko sakafu. Likichungulia nje, linakusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini yako.

Asubuhi napangusa paa pande zote mbili kabla ya kulikunja, maana maji ni uzito. Nyumbani nalianika kivulini, kwani jua kali hula naloni, kisha nalihifadhi likiwa limelegea ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa. Hema likikaa na unyevu, utando wa poliyurethani, plastiki inayopakwa kitambaa kizuie maji, unaoanza kuoza hunata vidoleni na kutoa harufu ya kutapika, na hapo hakuna sabuni itakayolirudisha.

Zipu ikianza kupita bila kufunga, mara nyingi meno hayana tatizo; kichwa chake kimetanuliwa na mchanga. Kisugue kwa mswaki wa zamani, kisha ukibane kwa koleo, upande mmoja halafu wa pili, kidogokidogo huku ukijaribu. Ukibana kwa nguvu kitapasuka, na hapo utatafuta fundi.