Nywila Iliyokuwa Ndani ya Kamera

Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho walikuwa wameshajifunza kupima usalama wa tovuti, na walikuwa hodari kweli. Ukiwapa fomu mbovu ya kuingilia, wanakuletea hifadhidata nzima kabla hujakaa vizuri kitini. Siku nilipowagawia kamera ndogo za ulinzi, zile za nyumbani zinazounganishwa na intaneti, pamoja na bisibisi na multimita, kile kipimo cha umeme, walitazamana. Mmoja akauliza, "Mwalimu, anwani yake ya IP ni ipi?" Nikamwambia leo hakuna anwani ya kuifikia mtandaoni, fungua mfuniko.

Ndani mna bodi ya sakiti isiyozidi kiganja, na pembeni vitundu vinne vilivyojipanga mstari mmoja bila maandishi yoyote. Mafundi wa kiwandani huvitumia kuzungumza na kompyuta iliyomo, kisha kifaa kinauzwa navyo vingali hai. Kazi ni kujua kipi ni kipi. Kamera ikiwa imezimwa, unaweka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye bati la kinga, nyingine unagusa kitundu kimoja kimoja: kinacholia ndicho cha ardhi, yaani upande hasi wa umeme. Ukiiwasha unapima volti. Kinachotulia kwenye 3.3 kwa kawaida ni cha umeme, hicho unakiacha kama kilivyo. Kinachoyumbayumba wakati kamera inaamka ndicho kinachosema, na kilichobaki, mara nyingi, ndicho kinachosikia.

Mabingwa wa tovuti walihangaika. Kundi moja liliunganisha vitundu na kompyuta likapata herufi, lakini takataka tupu, alama za ajabu zikimwagika kwenye skrini. "Imeungua hii," akasema mmoja wao. Haikuwa imeungua. Walikuwa wanasikiliza kwa kasi ya biti 57600 kwa sekunde na kamera inasema kwa 115200. Walipobadilisha, mistari ikaanza kusomeka: jina la programu ya kuamshia, ukubwa wa kumbukumbu, kisha mfumo endeshi wake, Linux, ukijitambulisha. Darasa zima likahamia meza ile. Mwisho kamera ikadai nywila, wakaiwasha upya, wakaikatiza kabla haijaamka na kuiamuru ianze moja kwa moja na ganda la amri, yaani mahali pa kuiandikia amri bila kuulizwa nywila. Wakawa ndani, wenye mamlaka yote.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza, na sikuwa nimelipanga. Binti mmoja aliyekuwa akipekua mafaili akaniita kwa sauti ya chini. Kwenye hati fupi ya amri za kutafuta masasisho ya programu palikuwa na anwani ya seva ya mtengenezaji, yaani kompyuta yake ya mtandaoni, jina la mtumiaji na nywila, vyote wazi. Tukaangalia kamera za meza nyingine: nywila ni ile ile.

"Tuijaribu, Mwalimu. Tuingie tu na kutoka."

Nikakataa. Kamera ni mali yetu, tumeinunua. Seva si yetu, na hakuna aliyetupa idhini. Kijana mmoja hakukubali kabisa, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: tusipojaribu, tutaripoti nini? Huenda nywila ilishabadilishwa zamani, tukawasumbua watu bure. Tulibishana mpaka kipindi kikaisha. Nikawakumbusha Mirai, programu hasidi iliyoteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta mwaka 2016 kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, orodha ya sitini na kitu. Mmoja wa waliokiri mahakamani mwaka 2017 kuwa waliitengeneza aliwahi kuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, na alikiri pia kuushambulia mtandao wa chuo hicho hicho. Nilitaja hilo makusudi. Walimu wa fani hii wanapenda kusimulia ujanja wa wadukuzi na kuruka sehemu ya mahakama.

Ripoti niliwapa yule binti na yule mbishi waandike pamoja. Ilitoka nzuri: hatua zote, picha za bodi, nywila wameifunika herufi za katikati, na sentensi moja niliyosisitiza iwemo, kwamba hatukujaribu kuingia kwenye seva.

Mtengenezaji akajibu kwa swali moja: je, mna uhakika nywila hiyo inafanya kazi? Yule mbishi ndiye aliyeandika jibu. Hatujui, alisema, kwa sababu seva ni yenu, ijaribuni wenyewe. Barua hiyo haikujibiwa, ila toleo la programu lililofuata halikuwa na ile hati.