Mkono wa chini

Kwetu Muheza picha ya Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi wa zamani, iliingia nyumbani na kalenda. Ilikuwa miaka ya tisini, wataalamu wa Kiholanzi wakija Tanga kwa mradi wa ng'ombe wa maziwa, na mmoja wao akamwachia baba kalenda ya ukutani. Tulipofunua mwezi wa tatu tukamkuta yeye: mwanamke wa Kizungu aliyejaa mwili, mikono ya blauzi ameikunja, anamimina maziwa. Mwezi ulipoisha mama alikataa karatasi isigeuzwe. Basi kwetu ikawa Machi mpaka mwaka ukamalizika.

Mama alikuwa akiuza maziwa. Alfajiri anayachuja kwa kitambaa cheupe, kisha anawapimia wateja kwa kopo la nusu lita. Siku moja alisimama mbele ya ile kalenda, kopo mkononi, akaniambia, "Huyu anajua kazi. Hebu mtazame mkono wa chini." Nilikuwa na miaka tisa, sikuona cha kutazama.

Waholanzi humwita Het Melkmeisje, msichana wa maziwa, ingawa kwa kweli ni mtumishi wa jikoni. Johannes Vermeer wa mji wa Delft alimchora karibu mwaka 1660, na tangu 1908 picha imo Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam. Nilifika huko nilipopelekwa Uholanzi kwa mafunzo ya wiki sita. Jumapili ya kwanza tu nilipanda treni.

Nilitarajia picha kubwa. Kumbe ina kimo cha sentimita 45.5 na upana wa 41. Sinia letu la pilau linaifunika yote. Nikangoja watu wapungue, nikasogea, nikasimama hapo karibu saa nzima.

Na nikautazama mkono wa chini. Mmoja umeshika mpini wa mtungi, wa pili umeukinga kwa chini, na ndio unaoamua maziwa yatoke kiasi gani. Yanatoka membamba kama uzi. Mama alikuwa akimimina hivyohivyo, na sababu yake aliniambia nilipokuwa mkubwa: ukimwaga kwa pupa maziwa yanafanya povu, kopo linaonekana limejaa, mteja akifika nyumbani kipimo hakijatimia. Mtu asiyewahi kuuza maziwa atasema huyu dada ametulia. Ametulia, ndiyo, lakini anapima.

Halafu ngozi. Pale alipokunja mikono ya nguo, juu ni peupe, na kuelekea kwenye viganja rangi inageuka, imekolea jua na maji. Vermeer hakumlainisha. Alimpa aproni ya buluu iliyotokana na jiwe la lapis lazuli kutoka Afghanistan, rangi ya bei kali kuliko zote enzi hizo. Rangi ya kumpambia Bikira Maria, yeye akampaka mtumishi kiunoni.

Lakini nilipokaa zaidi ni ukutani. Ukuta mtupu, chokaa imechakaa, una matundu ya misumari iliyong'olewa, na msumari mmoja uliobaki una kivuli chake. Kioo kimoja cha dirisha kimevunjika. Mwaka 2022 watafiti wa jumba hilo walieleza kwamba vipimo vyao vimeonyesha vitu vilivyofichwa chini ya rangi: nyuma ya kichwa chake palianza kuchorwa ubao wa kutundikia mitungi, na chini sakafuni kikapu cha moto, cha kuwekea makaa ya kupasha joto. Vyote Vermeer alivifuta. Sakafuni sasa kuna kisanduku kidogo cha makaa, cha kupashia miguu joto. Nyuma ya kichwa hakurudisha kitu. Ningekuwa mimi ningeogopa ukuta mtupu kiasi hicho, ningetundika chochote. Yeye alimwachia mwanamke nafasi yote, na misumari.

Mkate nao una habari yake. Upo mezani, umevunjwavunjwa, umenyunyiziwa vidoa vyeupe vya rangi hata unadhani chembe za chumvi zinang'aa. Wengi husema anapika uji wa mkate uliochacha, usitupwe. Vermeer alipofariki mwaka 1675 aliacha mke, watoto 11 na madeni. Mjane wake, Catharina Bolnes, alimkabidhi mwoka mikate wa Delft picha mbili nyingine za mumewe kwa deni la zaidi ya gulden 600. Deni la mkate! Tangu nijue hilo siwezi kuupita mkate ule haraka. Aliyeuchora alijua nyumba yenye midomo mingi inakula kiasi gani kwa wiki.

Nilinunua nakala dukani kwao, nikaikunja vizuri kwenye begi, fundi wa vioo Tanga mjini akaitia fremu. Macho ya mama siku hizi ni dhaifu. Aliipeleka dirishani, akaisogeza hadi karibu na pua, akaanza kufuata kwa kidole: kilemba, bega, mpini wa mtungi, mkono wa chini. Hapo kidole kikasimama.

"Mnaitundika wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha ukuta wa jikoni. Tundu la msumari wa ile kalenda bado lipo, rangi imepakwa mara mbili na halijaziba. Tukautia msumari mpya humohumo.