Moja mara moja

Mhasibu hakupiga simu kulalamika. Alipiga kuuliza. Kwenye ukurasa wa madeni niliomtengenezea kulikuwa na oda ya mteja aliyekwisha kulipa kila kitu, na mbele yake pameandikwa -600.

"Oda ilikuwa ya 600, akalipa 600," alisema. "Sasa hii hasi, tumrudishie zote?"

Nilimjibu bila hata kufungua kompyuta kwamba huenda ameingiza malipo yale mara mbili. Majaribio yote ya msimbo wangu yalikuwa yamepita, na ukiwa bado mgeni katika kazi hii ya kuandika programu, ile rangi ya kijani ya kufaulu kwenye terminali huiamini kuliko macho ya mtu mwingine. Akaniambia ameshaangalia mara tatu, hakuna kilichojirudia. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitia wasiwasi.

Tulikuwa tunatumia Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python. Katika ORM yake, sehemu inayozungumza na hifadhidata, nilikuwa nimependa zile semi za kuuliza hifadhidata: unaandika hesabu kwa Python, hifadhidata yenyewe inaifanya kwa SQL, lugha yake, na wewe huhitaji kuvuta maelfu ya mistari hadi kwenye seva ili uijumlishe kwa kitanzi. Deni lote nilikuwa nimelimaliza kwa mstari mmoja, na nilijivunia mstari huo:

Oda.objects.annotate(deni=Sum('bidhaa__kiasi') - Sum('malipo__kiasi'))

Unasomeka kama sentensi. Jumla ya bidhaa, toa jumla ya malipo. Na jaribio lake lilikuwa hivi: oda moja, yenye bidhaa moja ya 500 na malipo mamoja ya 200. Tarajio, 300. Jibu, 300. Nikafunga, nikaenda zangu.

Baada ya ile simu niliandika jaribio jipya lenye sura ya oda ya yule mteja: bidhaa tatu, za 100, 200 na 300, na malipo mawili, 250 na 350. Jibu likaja -600, palepale kwenye mashine yangu. Basi nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilichapisha SQL iliyokuwa inatengenezwa, nikaondoa GROUP BY, ile inayokusanya mistari kwa makundi, na zile jumla, nikaacha mistari mitupu ionekane:

100 | 250
100 | 350
200 | 250
200 | 350
300 | 250
300 | 350

Mistari sita. Mteja alinunua vitu vitatu na kulipa mara mbili, lakini majedwali mawili yalipounganishwa na oda kwa pamoja, kila bidhaa ilisimama na kila malipo. Safu ya kushoto ukiijumlisha unapata 1200, ya kulia 1800. Tofauti yake ndiyo ile hasi 600 ya mhasibu. Hifadhidata haikukosea popote, ilijumlisha ilichopewa.

Jaribio langu la zamani nalo lingepita milele, maana moja mara moja ni moja. Nilikuwa nimechagua data pekee ambayo kosa hili haliwezi kuonekana ndani yake, na niliichagua kwa sababu ilikuwa fupi kuandika. Uchungu zaidi, nyaraka za Django zinaonya wazi kwamba kuweka jumlisho zaidi ya moja ndani ya annotate moja, amri inayoongeza hesabu kwenye kila mstari, kunaweza kuleta majibu yasiyo sahihi, na tatizo lina namba yake kwenye orodha ya hitilafu, 10060. Nilikuwa nimesoma ukurasa huohuo nikitafuta jinsi ya kuandika Sum.

Dawa ya haraka niliipata kwenye aya iliyofuata: distinct=True, yaani kila thamani ihesabiwe mara moja tu. Tangu Django 3.0, Sum nayo inaikubali. Nikaiweka pande zote mbili, 600 toa 600, sifuri, kijani. Nikamwita dada aliyenitangulia kazini apitie kabla sijasukuma msimbo.

Alisimama nyuma ya kiti changu akasoma kimya. Halafu akauliza, "Kaka, huyu angelipa 300 na 300 je?"

Sikumwelewa, ila nilibadilisha zile namba. Deni: 300. Mtu amemaliza kulipa, na sisi tunamdai nusu. distinct ilikuwa imeona 300 mbili ikadhani ni kitu kimoja kilichojirudia. Unapohesabu vitambulisho kwa Count, distinct haina shida, kwa kuwa vitambulisho havifanani. Kiasi cha pesa hufanana kila siku. Na mtu anayelipa kwa awamu mbili, mara nyingi hugawa sawasawa.

"Tenganisha," alisema. "Kila jumla na swali lake."

Nikaingia kwenye Subquery na OuterRef, za kuweka swali ndani ya swali, vitu nilivyokuwa navikwepa kwa sababu havipendezi machoni. Mara ya kwanza niliruka hatua ya values('oda'), ile inayokusanya malipo yote ya oda moja yawe kundi moja. Jaribio likanipa -200. Nilikaa na hiyo -200 muda mrefu sana, nikichora mishale kwenye karatasi. Yule dada alichukua msimbo uleule akauendesha kwake, na hakupata namba yoyote. Alipata kosa: swali la ndani limerudisha zaidi ya mstari mmoja.

"Wewe unajaribia wapi?"

Nilikuwa najaribia kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokuja tayari unapoanzisha mradi. Ni nyepesi na majaribio yake yanakimbia. Lakini swali la ndani likirudisha mistari miwili mahali panapotakiwa thamani moja, SQLite inashika wa kwanza na kuendelea na safari kimyakimya. Kwangu ilishika bidhaa ya 100 na malipo ya 300. PostgreSQL, hifadhidata iliyokuwa kwenye seva yetu ya kweli, inakataa katakata. Tangu siku ile sijajaribu semi za hifadhidata kwenye hifadhidata tofauti na ile itakayozibeba, hata kama majaribio yatachukua dakika nzima zaidi. Wapo wanaoona ni kupoteza muda. Mimi nilishaupoteza wangu wote kwa ile -200.

Nilipoirudisha values('oda') mahali pake, sifuri ilikuja kwenye SQLite na kwenye PostgreSQL. Dada alikuwa keshageuka kwenda kwenye meza yake. Akasimama.

"Na ambaye hajalipa hata mara moja?"

Oda ya 600, malipo hakuna. Nikaendesha: None, neno la Python la kusema hakuna thamani. Kwa SQL, 600 ukiitoa kitu kisichokuwepo hupati 600, unapata kisichokuwepo. Nikafunika kila swali la ndani kwa Coalesce ili pasipo na kitu pasomeke sifuri, nikaongeza jaribio la nne, tukasukuma jioni ileile.

Nikampigia mhasibu afungue ukurasa upya. Alisoma ile oda: sifuri. Kisha akanyamaza, namsikia anateremka na orodha.

"Hawa wengine," akasema, "jana walikuwa wameandikiwa None."

"Ndiyo."

"Mimi nilijua maana yake ni hakuna. Hakuna deni."

Aliniomba nisubiri kwenye simu ahesabu ni wangapi. Walikuwa kumi na wanne. Nilimuuliza kama kuna aliyeshapelekewa barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, akasema hapana, maana muda wote huo madeni alikuwa anayaweka pia kwenye jedwali lake la Excel.

"Sasa unaweza kulifuta," nikamwambia.

"Acha likae kwanza," akasema.