Kazi yangu ni kuwachelewesha watu mbele ya sanamu

Saa 12:30 asubuhi

Naongoza watalii hapa Dar es Salaam, na nimeshashuka Posta. Nawahi mwanga, halafu nawahi magari. Sanamu ya Askari iko katikati ya kipilefti, pale Samora inapokutana na Azikiwe na Maktaba, na ikishafika saa 2 kumvusha mgeni mtu mzima mpaka pale ni kazi ya kuomba dua. Mwanga nao una sababu yake. Watu wengi wanakuja kumwona yule askari wa shaba aliye juu na bunduki yake. Mimi nataka waone kilicho chini. Picha zilizochongwa kwenye msingi zinaonekana vizuri jua likiwa la ubavuni, likifika utosini unabaki na shaba nyeusi tu.

Saa 1

Wageni wa asubuhi ni mke na mume kutoka Ujerumani, walimu wastaafu. Bwana anaanza na bayoneti, kama wote. Simkatizi. Mgeni ukimzuia kupiga picha, yote utakayosema baadaye atayasikia nusunusu. Anapiga, anashusha simu, anageuka tayari kuondoka. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza.

Nawaambia kwamba sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na kwamba Nairobi na Mombasa nako kuna sanamu za ukumbusho wa vita hivyohivyo, Vita Kuu ya Kwanza. Kisha nawaomba wasogee wasome. Maandishi yako kwa Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu. Yanawakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana vita vya 1914 hadi 1918, pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Aliyeyatunga ni mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Mwishoni yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nanyamaza. Mama anazunguka msingi, anarudi alipoanzia.

"Sasa majina yako wapi?"

Hakuna hata moja. Nafurahi mgeni akiuliza mwenyewe, maana nikilitamka mimi linakuwa hotuba.

Baada ya swali hilo wapagazi wanaeleweka. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa majeshi, na reli za maana katika koloni la Wajerumani zilikuwa mbili tu, ya kutoka Tanga na ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Ukiiacha reli, kila kitu kilikwenda kichwani mwa mtu: risasi, unga, hema, hata kitanda cha ofisa. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia watu wapatao milioni moja. Hesabu inayotajwa sana ya wapagazi wao waliokufa ni zaidi ya 95,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Hapa Dar kambi yao ilikuwa pale tunapokwenda kununua vitenge na vyombo, Kariakoo.

Bwana anauliza habari za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hivyo. Wageni wa kwao huwa hawamsahau. Namjibu kwa kifupi: jeshi lake halikuzidi watu wapatao 14,000, wengi wao askari Waafrika, na lilisalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Nina zaidi ya kusema juu ya sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wa Wajerumani, ambayo mji huu ulikuwa nayo zama za Mjerumani. Yeye alisimama juu, na chini yake aliwekwa askari Mwafrika akimtazama. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, wakaichukua sanamu hiyo. Iliishia Hamburg, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha miaka ya 1960. Askari wetu amepandishwa juu peke yake, na chini yake safari hii wako wapagazi.

Mama anapiga picha ya msingi. Mimi nimesharidhika na asubuhi yangu.

Saa 3

Tunatembea hadi Kivukoni. Hapa nawabana kuhusu kamera: bandari, majengo ya serikali, polisi na Ikulu hazipigwi picha. Mgeni anaona bahari, mlinzi anaona kitu kingine kabisa. Kisha Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ambako nawaacha wazunguke wenyewe. Miguu yangu inahitaji benchi.

Saa 5

Foleni ya barabara ya Bagamoyo. Dereva ana maoni kuhusu kila gari lililo mbele yetu.

Saa 5:40

Makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Ukitoka kwenye honi ukaingia mle ndani, nyasi zimekatwa sawasawa na mawe yamepangwa mistari. Anayekuja kutafuta ndugu yake namshauri alitafute jina kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita kabla hajasafiri. Itamwonyesha safu na namba ya kaburi, hivyo hatahangaika juani. Tusikalie mawe, tusiyaegemee. Kuna mgeni mmoja kijana, zamani kidogo, alipandisha mguu juu ya jiwe ili picha ipendeze. Sikumfokea, nilimsomea kwa sauti umri ulioandikwa pale, akaushusha.

Makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza hayakuanzia hapa. Yalikuwa upande wa Ocean Road, na mwaka 1968 yalihamishwa, yapata 660, kupisha barabara mpya. Hapa ndipo nawaomba wageni waache mistari ya mawe wanifuate ukutani. Yule ambaye kaburi lake lilikuwa na alama yake alihama na jina lake. Waafrika wengi, Wakristo na Waislamu, walikuwa wamezikwa bila alama ya mtu mmojammoja, kwa hiyo walizikwa upya kwa pamoja na kujengewa ukuta wa kumbukumbu. Mtu ukisimama kati ya mawe na ukuta huo, ukageuza kichwa kulia na kushoto, huhitaji mwongoza watalii.

Hata hivyo nawaeleza haikutokea kwa bahati mbaya. Baada ya vita, gavana Mwingereza wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Tume ilikuja kukiri yenyewe Aprili 2021, kwa ripoti na kuomba radhi: watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, hawakukumbukwa sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Bwana ananiomba nirudie namba ya mwisho. Nairudia.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage, maji baridi, nimevua viatu chini ya meza.

Saa 9:30

Wageni wa jioni ni wa hapahapa nchini: mzee mmoja kutoka Dodoma na mjukuu wake anayesoma chuo kikuu. Binti ndiye aliyelipia ziara. Wageni kama hawa ni wachache, na kwangu ndio wagumu kuliko wote, maana hutawapa hadithi za kupamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Haya, tuoneshe huyo askari wako."

Nasema niliyosema asubuhi. Mzee anasikiliza hadi mwisho, mikono nyuma. Kisha anauliza, "Na waliobaki nyumbani?"

Sina jibu la haraka. Ananieleza yeye. Bibi yake aliyemlea alikuwa binti mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo iliyoanza 1917. Majeshi yalipita, kwanza ya Mjerumani kisha ya Mwingereza. Kila moja lilichukua ng'ombe na nafaka, na likachukua wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokataa, ghalani hamkuwa na kitu na shambani hapakuwa na mtu. "Bibi alikuwa hamwagi hata makombo," anasema. "Tulidhani ni uchoyo."

Mjukuu hakuwahi kuisikia habari hiyo. Anamuuliza babu maswali mfululizo, nami nasogea kando nikiangalia magari. Niliijua Mtunya kwa kuisoma. Kwenye maelezo yangu haikuwemo.

Saa 10:30

Tunamalizia Mnazi Mmoja, kwenye mnara. Mzee anaikumbuka Siku ya Mashujaa ya 25 Julai ilipokuwa ikifanyika hapa, Rais akiweka mkuki na ngao. Tunazungumza Vita vya Kagera kuliko vita vya wazungu. Hivyo anavifahamu, ana rafiki zake aliowazika.

Saa 2 usiku

Nyumbani, daftari mezani. Lettow-Vorbeck nimempunguza akabaki na sentensi moja. Mtunya nimeiweka mara tu baada ya wapagazi, kabla ya Wissmann. Bosi ameshaandika kwamba ziara zangu zinarefuka, na kesho kuna wageni sita wa meli wenye saa moja na nusu tu. Nimemjibu: tutaruka makumbusho, sanamuni nitahitaji nusu saa.