Kamera ndani ya nyumba wakati wa tetemeko: ipime jengo, isipime kitako cha kamera yenyewe

Kamera ya kawaida ya ulinzi, ile iliyofungwa juu ya kaunta ya nyumba ya wageni pale Bagamoyo, itakuonyesha kabati likianguka. Mhandisi anataka zaidi ya hapo. Anataka kujua dari ilisogea milimita ngapi kuliko sakafu, kwa sababu huko ndiko ufa unakoanzia. Na tusijidanganye kuwa pwani haitikisiki: tarehe 12 Agosti 2020 usiku, tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilianzia baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam.

Chukua ghorofa yenye kimo cha mita 3. Kuta za tofali zilizojazwa katikati ya nguzo huanza kupasuka dari ikisogea kiasi cha milimita 6 hadi 15. Ikifika 30, hiyo ni asilimia moja ya kimo, na jambo si dogo tena. Sasa kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi inayoona pembe ya nyuzi 90, ikitazama ukuta ulio mita 4 mbele, kila pikseli yake (nukta moja ya picha) hubeba milimita 4 za ukuta. Milimita 6 zitapotea humo. Afadhali kamera ya megapikseli 8 yenye lenzi ya nyuzi 50, ilazwe ubavu ili upande mrefu wa picha usimame wima. Hapo pikseli moja inakuwa karibu milimita 1.

Ifunge juu kabisa ya ukuta au nguzo, itazame ukuta wa mbele kuanzia juu hadi chini. Bandika alama mbili za miraba myeusi na myeupe, kila mraba sentimita 5: moja chini ya ukuta karibu na sakafu, nyingine juu usawa wa dari. Wengi huiacha hiyo ya juu, na kazi yote huharibikia hapo. Kitako cha kamera, yaani kishikio kinachoifunga, kikipinda sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi, kwa umbali wa mita 4 picha inahama milimita 7, nawe utadhani nyumba imesogea. Dari na kamera huenda pamoja, kwa hiyo mhamo wowote wa alama ya juu ni wa kitako cha kamera. Utoe kwenye mhamo wa alama ya chini; kinachobaki ndicho cha jengo.

Kwenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, usifunge kamera kwenye boriti. Boriti hucheza peke yake. Skrubu iliyoishia kwenye plasta italegea, na bolti ya kutanuka hupasua tumbawe. Toboa hadi kwenye jiwe lenyewe na utumie gundi ya epoksi, baada ya kupata kibali cha wahusika wa mambo ya kale.

Jengo la ghorofa mbili au tatu huyumba takriban mara 3 hadi 5 kwa sekunde. Rekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde. Kamera nyingi gizani hupunguza fremu zenyewe ili zipate mwanga, kwa hiyo zima mpangilio huo, weka shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/100 ya sekunde, na ongeza taa. Usipime muda wa tetemeko kwa feni au taa inayoning'inia: yenye waya wa mita 1 hupiga mbembeo mmoja kwa sekunde 2, na huendelea kubembea ardhi ikiwa imetulia.

Umeme ukikatika, sekunde za mwisho ndizo hupotea. Kamera, swichi ya mtandao inayoziunganisha na rekoda inayohifadhi picha za kamera zote ziwe kwenye UPS, yaani betri inayoendelea kutoa umeme ukikatika, na kila kamera iwe na kadi yake ya memori, kwani diski inayozunguka ndani ya rekoda inaweza kuharibika ikitikiswa. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, siku moja hula gigabaiti 86. Kadi ya gigabaiti 256 inashika karibu siku tatu kisha inaandika juu ya picha za zamani.

Maana yake una siku tatu za kuokoa picha, wakati jengo pengine haliingiliki. Rekoda basi isikae stoo ya ndani. Ifunge kwa bolti kwenye kibanda cha mlinzi getini, ili mtu asipite chini ya ukuta uliopasuka kuifuata.