Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mabomba ya breki

Saa 12:30 asubuhi. Bado giza. Chupa ya chai ya tangawizi, mpwa wangu anasinzia pembeni, tunaelekea hangari nje kidogo ya Columbus, Ohio. Ndege yangu ni ya viti viwili, niliiunda mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani, miaka sita. Jumamosi iliyopita niliona mchirizi mwekundu kwenye mguu wa kushoto wa ndege. Mafuta ya breki za ndege hizi ni mekundu, hivyo hapakuwa na cha kubishania: bomba la breki linavuja.

Saa 1:40. Kabari kwenye magurudumu, makava ya tairi chini.

"Mjomba, huko juu breki ya nini?"

Swali zuri. Lakini tairi la mbele la ndege hii halijaungwa na pedali; linajizungukia tu kama gurudumu la toroli la dukani. Ukiwa chini na mwendo mdogo, unakata kona kwa kukanyaga breki ya upande mmoja. Breki ya kushoto ikifa, huna usukani.

Saa 3. Bomba limetoka. Mdomo wake una ufa mwembamba kama unywele. Alumini ikitikiswa muda mrefu hukakamaa, kisha hupasuka, na mguu wa ndege hupinda kidogo kila unapotua. Kwenye miguu ya ndege naweka mabomba laini ya Tefloni yaliyosukiwa waya wa chuma. Ndani ya ndege, bomba jipya la alumini la robo inchi.

Saa 4:30. Kupanua midomo ya bomba. Jirani wa hangari kaja na kifaa chake cha magari, nikamshukuru nikakiweka kando: cha magari hutoa mdomo wenye pembe ya nyuzi 45, viungo vya ndege ni pembe ya nyuzi 37. Vinashikana kwa macho tu. Nikatumia changu, mdomo ukatoka safi, unang'aa. Nikautazama kwa fahari, halafu nikaiona nati, imekaa mezani. Inatakiwa iingie kwenye bomba kabla ya kupanua. Kata, anza upya. Mpwa alicheka mpaka usingizi ukamwisha.

Saa 7. Wali wa jana na maharage.

Saa 8. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kwenye gari wengi hukanyaga pedali huku mwingine akilegeza nati. Mimi nasukuma mafuta kutoka chini, kwenye kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki), yapande hadi kikopo cha mafuta cha juu, maana upepo wenyewe hupenda kupanda. Na si mafuta ya breki za gari, hayo yanavimbisha na kuharibu sili za ndege, yaani vile vipira vya kuzuia mvujo. Kazi ya mpwa ilikuwa kutazama kikopo na kupiga kelele kikikaribia kujaa. Alipiga kelele kikiwa kimeshafurika. Tukafuta sakafu nusu saa, na sasa zamu ya kucheka ilikuwa yangu.

Saa 10:30. Pedali ngumu kama jiwe. Nikakanyaga kwa nguvu zote, yeye akipita na tochi kwenye kila kiungo. Pakavu. Tukaitembeza polepole, kona za kushoto, kona za kulia.

Saa 12 jioni. Nimeandika kwenye daftari la ndege: tarehe, kilichobadilishwa, saini.

"Kesho tunaruka, Mjomba?"

Nikampa vipande viwili vya katoni nyeupe, akatandika kimoja chini ya kila tairi kubwa. Tutavisoma asubuhi.